Maksai Asiyejua Kiswahili

Katika watu wote waliowahi kukaa kwenye meza ya Kija, hakuna aliyemsumbua kichwa kama mzee Salu, siku alipokuja kuomba kuwa ng'ombe.

Kija alikuwa mpiga chapa wa jineri ya ushirika, kiwanda cha kuchambua pamba kilichokuwa nje kidogo ya Kasoli. Mzee Salu alikuwa mlinzi wa lango. Mwaka ule biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa, na wanunuzi binafsi walikuwa wameingia vijijini na malori yao kama nzige. Mkulima aliyezoea kuuza kwa mkopo sasa alilipwa papo hapo, nani angemlaumu? Malori yaliyosheheni pamba yalipita mbele ya lango yakielekea kwa wengine, yakaacha vumbi, na mashine za jineri zikakaa kimya katikati ya msimu. Wafanyakazi waliambiwa waendelee kuripoti mpaka wakubwa waamue. Basi wakawa wanaripoti, wanakunywa chai, wanatazama vumbi.

Hapo ndipo Kija alipotoa mkobani dadu zake mbili.

Mchezo wenyewe aliujulia chuoni, alikosomea uhazili. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka ng'ambo aliwachezesha siku za Jumamosi, na nchi yake ilikuwa ya majumba ya mawe, theluji na majoka yanayotema moto. Kija aliupenda sana mchezo ule, ila theluji ilimshinda. Aliporudi nyumbani aliihamisha nchi yote. Akaweka mbuga za udongo mweusi, vilima vya mawe yaliyopandana, mto unaokauka ukabaki mchanga, na fisi wanaojua kusoma. Kanuni zilikuwa chache. Kila mchezaji anaunda mtu wake, anampa jina, kipaji na hofu. Kija ndiye mwenye meza, anaisimulia nchi na wote wanaoishi humo. Mchezaji anasema mtu wake anafanya nini. Jambo lisilo na mashaka linatokea tu. Lenye mashaka linatupiwa dadu, mezani, mbele ya kila mtu, namba kubwa kufaulu, ndogo kushindwa, na dadu zikisema zimesema.

"Hii si kamari?" aliuliza mhasibu Januarius, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na hakutaka maneno.

"Hapa hakuna anayekula wala anayeliwa, mzee wangu," Kija alimjibu. "Labda na fisi."

Wakaanza watatu. Walitumia ile meza kubwa ya bati iliyokuwa ghalani, ambayo zamani ilitumika kukagulia madaraja ya pamba. Miaka mingi baadaye Kija aliwakumbuka watu waliozaliwa kwenye meza ile kama mtu anavyokumbuka majirani waliohama: sauti zao, mwendo wao, hata vitu walivyopenda kula.

Alimkumbuka Bwana Kesho, mchuuzi mwongo kupindukia, aliyekuwa mtu wa Masunga. Masunga mwenyewe alikuwa fundi wa mashine, jitu la miraba minne lisiloweza kudanganya hata umri wake. Lakini akiwa Bwana Kesho alisema uongo mtamu kiasi kwamba siku moja alimuuzia bawabu lango alilokuwa akililinda, kisha akamtoza ushuru wa kusimama hapo.

Alimkumbuka Kidole, mwizi wa Januarius. Huyu alikuwa mwizi wa ajabu, maana mhasibu hakuweza kuvumilia mizani isiyolingana hata ndotoni. Kila Kidole alipoiba kitu aliacha kingine mahali pake. Aliiba mkuki akaacha viazi vitamu. Aliiba kofia ya mtemi akaacha yake, na mtemi akaipenda zaidi.

Tena alimkumbuka Limi, shujaa wa Generoza. Generoza alikuwa mpishi wa kantini, mama mpole wa kijiji cha Sapiwi, mzungumzaji wa chini chini. Limi alipiga kelele, akarusha mishale, akawatukana majitu usoni. Kitu kimoja tu duniani kilimtisha, kuku. Generoza, aliyekuwa akichinja kuku kila siku ya Mungu bila kupepesa macho, alisema hofu hiyo kwa uso mkavu kabisa, na meza nzima ikaangua kicheko.

Ni kicheko hicho kilichomleta mzee Salu kutoka langoni. Alisimama mlangoni mwa ghala, fimbo mkononi, koti la kazi limefungwa vifungo vyote.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu Kija kwa Kisukuma, kama mtu anavyomwita binti yake mama.

"Mwangaluka, baba," Kija alimjibu. "Karibu chai."

"Chai nimekunywa. Nimekuwa nikiwasikia. Na mimi nataka."

"Karibu sana. Utakuwa nani?"

"Maksai."

Chai ilimpalia Masunga. Kija alidhani hakusikia vizuri.

"Maksai, baba?"

"Maksai wa plau. Anaitwa Magembe."

"Lakini baba, wengine wote hapa ni watu. Wanasema, wanapanga mambo."

"Magembe hasemi," alisema mzee Salu akivuta gunia lililojaa pumba na kulikalia. "Magembe anafanya."

Kija alikuna kichwa. Katika kanuni zote alizofundishwa hakukuwa na ng'ombe. Hakukuwa pia na kanuni ya kumkatalia mzee.

"Haya. Kipaji chake?"

"Hachoki."

"Na hofu yake?"

Mzee alitazama nje, ambako lori jingine lilikuwa linapita. "Hiyo utaiona njiani," alisema.

Wakati ule watu wa mchezo walikuwa wanatafuta ngoma ya mvua iliyoibwa, na Magembe akapewa kazi ya kubeba mizigo. Siku ya kwanza tu walivamiwa na fisi mtoni. Limi akapiga kelele, "Kimbia, Magembe!" Wote wakamgeukia mzee Salu. Mzee alikuwa ametulia, anatafuna kijiti.

"Mzee Salu," alisema Masunga, "umeambiwa ukimbie."

"Ameambiwa kwa Kiswahili. Ng'ombe wa Sapiwi atajulia wapi Kiswahili?"

Dadu zikatupwa, Magembe akang'atwa paja. Ndipo Generoza akasimama, akamfokea kwa Kisukuma, ile sauti ya shambani kabisa, na mzee akagonga meza kwa kiganja. "Sasa Magembe anakimbia!"

Tangu siku hiyo mambo yakabadilika. Mtu aliyetaka maksai afanye jambo alilazimika kumsemesha kwa lugha yake. Generoza na Masunga hawakuwa na shida. Mwenye shida alikuwa Januarius, mwenyeji wa Muleba, Uhayani, aliyekaa Usukumani ujana wake wote bila kujua zaidi ya salamu na bei ya samaki. Sasa akawa anaonekana kivulini mwa ofisi yake akirudiarudia maneno midomo ikicheza. Siku aliyofaulu kumwambia Magembe ageuke kushoto, na Magembe akageuka, mhasibu yule alifurahi kama mtu aliyebatiza mtoto.

Lakini maksai mwenyewe alikuwa na tabia moja iliyomkera Kija. Kila msafara ulipofika njia panda, Magembe aligeukia mashariki. Kija alikuwa ameiweka ngoma ya mvua magharibi, kwenye pango, na ameandaa mambo mazuri sana huko: daraja la kamba, mchawi mwenye kigugumizi, fisi mwalimu. Maksai akageukia mashariki. Wakamvuta, akakaa chini. Wakambembeleza kwa majani mabichi, akala, akageukia mashariki.

"Baba, kuna nini huko?" Kija alimuuliza hatimaye, na uvumilivu ulikuwa unamwishia. "Mimi ndiye mwenye nchi, na mashariki sijaweka kitu."

"Wewe hujaweka," alisema mzee Salu. "Magembe amesikia harufu."

Mzee alipokwenda kufungua lango, Generoza alimvuta Kija hadi jikoni. Huku akipepeta mchele akamweleza. Miaka ya nyuma, wakati wizi wa ng'ombe ulipokuwa umeshamiri na kila kijiji kinalala kwa zamu, wezi waliingia kwa Salu wakazoa zizi lote. Watu walifuata nyayo, wakapigana na wezi njiani, kisha nyayo zikapotelea mashariki, kwenye mawe. Baada ya siku nyingi maksai mmoja wa plau alirudi peke yake, amekonda, mguu umevimba. Alisimama mlangoni mwa zizi tupu. Hakuingia. Alikufa mvua zilipoanza. Tangu hapo Salu hakufuga hata mbuzi. Aliacha plau ishike kutu, akaja kuomba ulinzi jineri.

"Huyo maksai aliitwa Magembe?" Kija aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Sote tulimjua," alisema Generoza. "Mzee anataka kujua maksai wake alikotoka."

Kija alirudi nyumbani akiwa mzito. Mchezo ulikuwa mchezo, ghala la watu wasio na kazi wanaopitisha siku. Sasa mtu alikuwa ameleta kidonda chake mezani na kukiweka katikati ya dadu. Akimrudishia mzee ng'ombe kirahisi, itakuwa kama kumpa mtoto peremende. Akimnyima, atakuwa amemwibia mara ya pili. Aliwaza alipokuwa akichota maji, aliwaza alipokuwa akisonga ugali, mpaka mama yake akamuuliza kama anaumwa. Mwishowe aliamua jambo moja tu. Ataiacha ngoma ya mvua pangoni, kama mtu anavyoacha mzigo usio na haraka. Mashariki ataweka zizi. Yatakayotokea humo hatayapanga.

Siku ya safari ya mashariki ghala lilijaa. Habari zilikuwa zimeenea kimyakimya. Wapakiaji, dereva asiye na gari, hata meneja Thomasi alikuja akasimama nyuma akijifanya anakagua paa.

Kija akafungua nchi. Akawapitisha kwenye mawe yanayofuta nyayo, wakatokea bonde lenye majani. Katikati ya bonde kulikuwa na zizi kubwa la miiba, walinzi langoni, na kulizunguka zizi lote, akasema polepole akimtazama Generoza, "kuna kuku. Mamia ya kuku."

"Ee Mungu wangu," alisema Generoza, na watu wakapasuka.

Bwana Kesho alitangulia. Aliwaambia walinzi kwamba yeye ni mganga wa miiba, kwamba miiba yao ina homa, na isipolala kivulini itakufa yote. Dadu zilimkubali. Walinzi wakaanza kupima joto la miiba kwa migongo ya viganja. Kidole alijipenyeza akachomoa gogo la mlango wa zizi, na kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kuacha mahali pake, alivua shati lake akalitundika hapo. Ikabaki njia kati ya msafara na mlango, na njia yenyewe imejaa kuku. Generoza alifumba macho. Limi akapita, hatua kwa hatua, akilia kwa sauti, mishale yote imemponyoka, lakini akapita. Wapakiaji wakampigia makofi.

Ikafika zamu ya maksai.

"Magembe anaingia," alisema mzee Salu. "Wenzake wapo. Anawaita."

Palikuwa na mashaka, na kila mtu alijua. Kija akamsogezea dadu. Mzee alizifunika kwa viganja vyote viwili, akazitupa. Moja na mbili.

Kija alizitazama dadu zile akatamani meza itikisike.

"Tupa tena, mzee," alisema Masunga kwa sauti nyembamba. "Haikutulia vizuri ile."

"Imetulia." Mzee Salu alizirudisha dadu kwa Kija. "Miaka imepita. Hawamjui tena."

"Baba," alisema Kija. Aliona mkono wa mzee umetulia juu ya bati, mishipa imesimama. Akauliza swali lile lile alilomuuliza kila mchezaji, kwa kuwa hakuwa na jingine. "Magembe anafanya nini?"

Mzee akasema, kana kwamba anamfundisha mtoto wa mjini, "Ng'ombe hamwiti mwenzake, mayu. Hapo mimi ndiye niliyekosea. Ng'ombe anakwenda anasimama karibu naye. Magembe anaingia katikati yao, anasimama. Hali. Halali. Wakigeuka, anageuka. Wakilala chini, anakaa hapo hapo awakinge na upepo. Mpaka asubuhi."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi anaanza kutembea kurudi nyumbani. Haangalii nyuma. Ng'ombe aliyelala na wewe atakufuata."

Macho yote yalikwenda kwenye dadu. Kija alizichukua akazitia mkobani.

"Hili halina mashaka," alisema. "Ng'ombe mmoja mzee anainuka. Anamfuata. Halafu mwingine. Halafu wote."

Ndipo mzee Salu akaanza kuwataja. Huyu mwenye mgongo mwekundu na tumbo jeupe. Huyu wa kijivu aliyekuwa akipiga teke ukimkamua asubuhi. Huyu pembe moja imeshuka. Huyu aliyeletwa na mkwe wake, mwenye doa kama jani la mhogo usoni. Aliwataja kwa Kisukuma, mmoja baada ya mwingine wakitoka zizini, na Kija akawa anawapitisha nchini mwake bila kuongeza neno. Nyuma ya watu meneja Thomasi alikuwa ameacha kukagua paa. Alipomaliza, mzee aliinuka, akavuta koti lake likakaa sawa.

"Wabeja, mayu," alishukuru. "Wabeja, ninyi wote." Akarudi langoni.

Jineri haikudumu. Kabla ya msimu uliofuata wafanyakazi walipewa haki zao na kuagwa, na majengo yakakodishwa kwa watu wengine. Siku ya kuagana watu walilia, maana wengine walikuwa wamezeeka pale. Lakini mzee Salu alikwenda moja kwa moja mnadani Bariadi, akarudi Sapiwi akiswaga mitamba wawili, mmoja mwekundu, mmoja wa madoa. Majirani walitoka nje kutazama. Mkewe, ilisemekana, alikwenda kulitazama zizi lile la zamani akaanza kung'oa magugu kabla mumewe hajafika. Msimu ule walilima tena.

Januarius alirudi kwao Muleba. Aliyemtembelea huko alileta habari kwamba mhasibu anawasemesha ng'ombe wake Kisukuma, na ng'ombe wa Kihaya wanamshangaa. Masunga alipata kazi kwenye jineri ya mtu binafsi upande wa Meatu, karibu na Lingeka, ambako mashine hazikukaa kimya. Generoza alifungua mgahawa karibu na mnada wa Bariadi, wali, maharage na kuku, na sauti yake ikapanda kidogo, kwa sababu wateja wa mnadani hawasikii minong'ono.

Kija alichelewa zaidi yao wote. Alikaa nyumbani akiwaza kwamba kazi yake alikuwa akiijua ndani ya ofisi ya wengine tu. Generoza ndiye aliyemtafutia chumba kilichokuwa kando ya mgahawa, kidogo, chenye dirisha la barabarani. Kija akaweka mashine yake ya chapa, akaandika kibao kwa mkono. Watu walianza kuja: mikataba ya vyumba, barua za kuomba kazi, katiba za vikundi vya akina mama, maana wakati ule kila mtu alikuwa anaanzisha kitu. Siku za mnada Masunga akija mjini walikula pamoja, na wakishakula, meza inafutwa, dadu zinatoka. Wachezaji wapya walipatikana. Palikuwa na Jenifer, muuguzi, aliyeunda mfalme mvivu anayetawala akiwa kitandani. Palikuwa na Kristofa, wakala wa wanunuzi binafsi, kijana wa Mwanza mwenye maneno ya mjini, ambaye Masunga alimwangalia kwa jicho la pembeni mpaka alipounda kiziwi mpiga zeze. Tangu hapo wakawa marafiki. Hata mzee Salu alifika mara moja, siku mtamba wake mwekundu alipozaa. Hakucheza. Alikunywa chai, akaeleza kwa kirefu rangi ya ndama, akaondoka mapema akasema hana mtu wa kumwachia.

Siku moja ya mnada, wateja walipopungua, Kija alikaa mahali pake pa kawaida. Generoza akaja akifuta mikono kwa aproni, akasimama mbele yake.

"Sogea," alisema. "Leo hapo nakaa mimi."

"Ukae wewe? Kwa nini?"

"Umetuzalia watu wangapi kwenye meza hii, Kija? Na wewe mwenyewe hujawahi kuwa na mtu hata mmoja. Nimelala nikiliwaza jambo hilo. Sogea."

Masunga akaanza kucheka. Jenifer akamvutia Kija kiti cha upande wa pili, upande wa wachezaji, na Kija akajikuta amekaa, mikono mitupu, kama mwanafunzi siku ya mtihani.

"Jina," alisema Generoza.

"Sijui. Mnanishtukiza."

"Jina."

"Apolonia," alisema Kija, jina la kwanza lililomjia. "Ana baiskeli. Anapeleka habari kutoka kijiji hadi kijiji."

"Kipaji?"

"Anajua kusikiliza."

"Hofu?"

Kija alifikiri. Nje wanyama walikuwa wanaswagwa kutoka mnadani na kengele zao zikilia. "Anaogopa kupeleka habari zake mwenyewe," alisema.

Generoza aliitikia kwa kichwa, akafumba macho kidogo, akafungua nchi. Haikuwa nchi ya Kija. Mvua ilikuwa imenyesha huko, majaruba ya mpunga yamejaa, vyura wanaimba, na moshi wa majiko ulinukia vitunguu. Njia ilipita katikati ya majaruba ikapanda kilima.

"Kilimani kuna nini?" Kija aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwenye meza ile kutojua.

"Unaniuliza mimi?" alisema Generoza. "Apolonia anafanya nini?"

Kija alitazama dadu, akamtazama Masunga aliyekuwa amejiegemeza mezani kwa viwiko vyake vyote viwili, kisha akacheka.

"Anapanda baiskeli," alisema.